Miguu Iliyokataa Kufika Darasani

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, kwa hiyo usianze kusoma kwa kuruka mistari ukitafuta habari ya ugonjwa. Kwanza nieleze goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua unaitumia au umeipandisha juu ya kabati ikakusanye vumbi pamoja na zile za mwanzo. Shangazi hajambo? Kikohozi chake nakisikia hata kwenye simu, na kusema "ni vumbi tu" mwaka wa pili sasa si tiba. Mdogo wangu nimeambiwa amerefuka hadi anainama mlangoni. Mwambie urefu si hoja, akifika kwangu bado atapiga magoti.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ilhali simu ipo. Simu yetu unaijua, Baba. Unaniuliza kama nimekula, nasema nimekula. Unaniuliza masomo, nasema yanakwenda. Kisha Shangazi anakunyang'anya, anauliza kama nimekula, na salio linakata. Haya ya leo hayaenei humo. Kwa hiyo weka chini hiyo saa ya watu, vua lenzi jichoni, mwambie mteja asubiri, usome mpaka mwisho hata kama katikati utakasirika.

Wiki ya tisa sasa nipo kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule niliyopangiwa ni kubwa, madarasa yake yamepangwa mistari mitatu, na kuta zimepakwa rangi nzito hadi usawa wa bega ili uchafu wa migongo usionekane. Nafundisha kemia kidato cha tatu. Wanafunzi wake ni wa kila namna. Wapo wanaoshushwa getini na magari yenye vioo vyeusi, na wapo wanaotembea saa nzima wakiwa wamebeba viatu mkononi, wanavivaa wakikaribia ili visiishe soli upesi. Wote wanavaa sweta moja la kijani, na mtu akisimama mbele yao dakika kumi anaweza kudhani wote wana shida moja, au wote hawana.

Mwalimu mlezi wangu ni mama mmoja mtu mzima ambaye wanafunzi wanamwita Mama Jedwali, kwa sababu jedwali la elementi analo kichwani lote, na ukimwamsha usingizini atakutajia namba ya elementi yoyote kabla hajakuuliza umefuata nini. Mimi nami sikukawia kupata jina. Wananiita Chaki Mbili. Wanadhani ni mtindo wangu, kwamba kila nikianza somo navunja chaki vipande viwili. Hawakujua kwamba haikuwa mtindo. Ni mkono ulikuwa unabana.

Hapa naomba uvumilie. Tangu wiki ya kwanza, kila kengele ya kipindi changu ilipokaribia, moyo ulikuwa unanidunda kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua. Nilikwenda kunawa mikono mara tatu, nne. Andalio la somo niliandika neno kwa neno, hata mahali pa kusema "haya, tuendelee." Nikishaingia darasani najikaza kisabuni, kipindi kinapita, natoka shati limenata mgongoni. Mama Jedwali alinisifu kwa kujiandaa. Nilimshukuru, nikaenda kunawa tena.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana waliyemwita Kamusi. Baba yake ni hakimu. Tangu shule ya msingi hakuna aliyewahi kumpita, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu huulizi neno akakosa maana yake. Daftari zake zimejaladiwa, kalamu zake zimepangwa kwa rangi. Lakini wiki ya pili nilitoa jaribio dogo, nikapita kati ya madawati, nikaona karatasi yake imetoboka. Alikuwa ameandika jibu la swali la kwanza, akalifuta, akaliandika, akalifuta, mara nne, na jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kucha zake alikuwa amezitafuna mpaka nyama. Alipoona nimesimama alificha vidole ndani ya mikono ya sweta, akanitazama kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Baba, nilimjua palepale. Mtu mwenye kidonda hukitambua cha mwenzake hata kikiwa ndani ya nguo. Ila mimi nilikuwa nimezoea kuamini kwamba ugonjwa ule ni wa watu kama sisi, watu ambao wakianguka hakuna godoro chini. Nilijiuliza mtoto wa hakimu anaogopa nini. Kisha nikaendelea na safari yangu kati ya madawati. Sikumwambia neno, wala sikumwambia Mama Jedwali.

Wiki ya tano mkufunzi wetu kutoka chuoni alikuja kunikagua. Ni mtu mpole tu, anatembea na fomu zake kwenye mkoba wa kitambaa. Alikaa dawati la nyuma kabisa, akafungua kalamu. Nilianza vizuri. Nilikuwa nafundisha kusawazisha milinganyo, yaani kuhakikisha kila kitu kilichoingia kwenye mchanganyiko kinaonekana upande wa pili. Nikaandika mfano wa kwanza ubaoni, nikageuka kuulizia, nikarudi kwenye ubao kuumalizia, na hapo kila kitu kikafutika. Siyo kwamba nilisahau jibu. Nilisahau hata nilichokuwa natafuta. Ulimi ulinata juu ya kaakaa. Nilisikia kalamu ya mkufunzi ikiandika, na dirishani mtu akifagia.

Ndipo nikamwita Kamusi. Nilijua anaweza. Nilimwita aje aniokoe, yeye akidhani anaitwa kujibu swali. Alikuja mbele, akapokea chaki, akaiinua. Mkono ukaanza kutetemeka. Ukatetemeka hadi chaki ikawa inagonga ubao, tik tik tik, bila kuandika chochote. Nyuma yangu wakaanza kucheka kwa chinichini. Baba, katika watu arobaini na tano waliokuwa chumbani humo, mmoja tu ndiye aliyejua kwa hakika nini kilikuwa kinampata yule mtoto, na mtu huyo alikuwa mimi. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Kumbe kamusi yenyewe haina kurasa."

Darasa zima liliangua kicheko. Kicheko kile kilinifungulia kichwa, mlinganyo ukarudi wenyewe, nikampokonya chaki na kumalizia. Hata mkufunzi alitabasamu. Kamusi alirudi kwenye kiti chake, akafungua daftari, akaandika mfano ule kama wenzake. Baada ya kipindi nilipewa nakala ya fomu. Kwenye mstari wa utulivu mbele ya darasa nilipata alama za juu kuliko mstari mwingine wowote. Niliikunja nikaitia mfukoni, na siku hiyo nilikula vizuri, nakuambia ukweli, nilikula vizuri sana.

Kesho yake Kamusi hakuwepo. Keshokutwa hakuwepo. Nilimwekea alama ya utoro kwenye rejista nikajiambia ana homa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, baba yake alikuja ofisi ya walimu. Huyu ni mtu ambaye akiingia mahakamani watu wote wanasimama. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, shati lake limekunjamana, na alisema hana malalamiko, amekuja tu kuuliza kama binti yake anakula mchana, maana nyumbani ameacha kula. Mama Jedwali akamwambia taratibu kwamba mtoto hajaonekana siku tatu. Hakimu akasema haiwezekani, dereva anamshusha getini kila asubuhi akiwa na sare, na jioni anamchukua palepale.

Sijui kama umewahi kuona mtu mzima akihesabu kichwani saa ambazo mwanawe hakuwa popote. Sitaki kuliona tena.

Mlinzi wa getini aliapa kwamba amemwona akiingia na hajamwona akitoka kabla ya saa za kutoka. Basi tukatawanyika. Wengine walikwenda vyooni, wengine kwenye matangi ya maji, na kila nilipofika mahali nilifumba macho kwanza kabla ya kutazama. Mama Jedwali ndiye aliyekumbuka stoo iliyo nyuma ya maabara, wanakotupa viti vilivyovunjika. Kufuli yake ilikuwa imening'inizwa tu bila kufungwa. Tulisukuma mlango, tukapenya kati ya madawati yaliyobebanishwa hadi darini, na kule mwisho, kwenye nafasi ya kutosha mtu mmoja, Kamusi alikuwa amekaa wima kwenye kiti kisicho na egemeo, daftari mapajani. Alisimama, akatusalimu, "Shikamooni walimu," kama mtu aliyeko darasani.

Mama Jedwali alimfikia kwanza. Mimi nilichukua daftari lililoanguka. Kurasa zote, mbele na nyuma, alikuwa ameandika mlinganyo mmoja, ule wa siku ile, umesawazishwa sawasawa kila mara. Aliniona nikilitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuwa nakuja darasani, mwalimu. Nilikuwa natoka nyumbani nakuja. Ni miguu tu ilikuwa haifiki."

Nilitamani ardhi inipasukie. Lakini ardhi ina shughuli zake.

Tulimpeleka ofisini, akapewa maji. Baba yake alimshika mikono, akaona zile kucha, nadhani ndiyo mara ya kwanza aliziona, na akasema hajawahi kumpiga, hajawahi hata siku moja kumwambia lazima awe wa kwanza. Binti akasema, "Ni kweli, mimi hujaniambia, huwa unawaambia wageni." Akaeleza kwamba kila mgeni akija anapelekwa ukutani kuonyeshwa vyeti, na kwamba yeye husimama pembeni akitabasamu huku akifikiria siku mgeni atakapoambiwa safari hii ameshika nafasi ya pili, na kwamba hajui mtu huyo wa nafasi ya pili atakuwa nani, maana nyumbani kwao hajawahi kukaa. Hakimu alikuwa amenywea kama nguo iliyokamuliwa.

Kuhusu maneno yangu ya ubaoni, Kamusi hakusema lolote. Angeweza. Alinilinda mbele ya baba yake na mwalimu mlezi, mtoto wa miaka kumi na sita, na mimi nilikaa pale nikalindwa. Walipoondoka ndipo nilipomfuata Mama Jedwali maabara, nikamkuta anaosha chupa, nikamweleza yote: kunawa mikono, chaki, kusahau, na jinsi nilivyomtosa msichana yule ili mimi nielee. Nilitarajia anifukuze. Aliendelea kuosha mpaka chupa ya mwisho. Kisha akasema miaka yote aliyofundisha ameona watoto wakitapika asubuhi ya mtihani, wa maskini na wa matajiri, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia wanywe maji ya ndimu. "Maji ya ndimu," akarudia, akatikisa kichwa. Akaniambia deni langu si kwake, liko darasani, na mimi ndiye ninayejua njia.

Kesho yake niliingia bila andalio. Nikawaambia wanafunzi kwamba siku ya ukaguzi, aliyesahau ni mimi, kwamba nilimtumia mwenzao kama ngao, na kwamba Chaki Mbili ni mkono wa mtu mwenye hofu. Hawakucheka. Nikawagawia vipande vya karatasi visivyo na jina, kila mtu aandike kinachomtisha. Baba, nilivisoma nikiwa nimekaa. Mmoja aliandika kwamba anaota namba yake ya mtihani. Mwingine kwamba anafanya kazi ya kuponda kokoto na mama yake kabla ya shule, na akiona swali refu anasikia nyundo. Mwingine aliandika, "Naogopa kumpita kaka yangu, kwa sababu yeye alifeli na tunalala chumba kimoja." Na mmoja, sijui ni mtundu au ni mkweli, aliandika anaogopa hivi vikaratasi.

Nilimpigia mkufunzi simu pia, nikamwambia alama ya utulivu si yangu. Akasema hajawahi kupata rufaa ya namna hiyo, ya mtu kulalamika amepewa nyingi. Alirudi wiki iliyofuata kunikagua upya. Nilisahau tena, katikati ya somo. Safari hii nikasema, "Nimesahau, ngojeni nitazame," nikatazama daftari langu, tukaendelea. Nimefaulu kwa alama za chini zaidi, na hizi nimezipokea kwa mikono miwili.

Kwenye kituo cha afya cha karibu yupo muuguzi anayeshughulika na mambo ya akili na mawazo. Mama Jedwali alinipeleka mwenyewe, akanisubiri kwenye benchi kama mzazi aliyempeleka mtoto chanjo. Nakwenda kila Alhamisi. Hanipi vidonge. Ananifundisha kupumua, jambo nililodhani nalijua tangu kuzaliwa, na ananifanya niseme hofu yangu kwa maneno yake halisi badala ya kuizunguka. Kamusi naye huenda na wazazi wake. Sikudanganyi kwamba amepona. Anakuja shule nusu siku, mitihani ya muhula huu hakufanya, na siku nyingine gari linafika getini, linakaa dakika chache, linageuka. Lakini juzi alinyoosha kidole darasani kwangu, akajibu, akakosea, na dunia haikuanguka. Nilimwona akiitazama, kama anaihakiki.

Siku hiyohiyo hakimu alikuja kunishukuru. Nilimwambia nami asili ya jeraha lile, na kwamba nastahili lawama. Alisema binti yake alikwishamweleza, na kwamba amenisamehe kwa sababu yeye ameandika hukumu nyingi lakini ile ya nyumbani kwake aliitoa bila kusikiliza upande wa pili. Kisha akaniuliza swali la kawaida kabisa. "Na wewe mwalimu, baba yako anajua?"

Ndiyo maana nakuandikia.

Baba, huyajui. Hujui kwa sababu nilikudanganya. Mwaka jana, siku ya mtihani wa kemia wa kufunga mwaka, niliingia ukumbini, nikapewa karatasi, nikasoma swali la kwanza nikalielewa, nikasoma la pili nikalielewa. Ndipo kifua kikabana, mikono ikafa ganzi, nikaamini kabisa kwamba nakufa palepale kitini. Nilimwambia msimamizi nakwenda chooni, nikatoka, nikaenda kukaa kituo cha mabasi. Kulikuwa na mtu anauza mikanda. Nilikaa nikimhesabia mpaka akauza mikanda saba. Saa kumi ulinipigia ukauliza imekuwaje. Nikasema nimemaliza vizuri. Ukasema Mungu ni mkubwa, na nikakusikia ukimgeukia fundi viatu wa jirani, ukimwambia kijana amemaliza vizuri, na yeye akipiga makofi.

Chuo hakikunifukuza, ila nimerudia mwaka. Wenzangu niliopokelewa nao wanamaliza mwezi ujao. Mimi bado mwaka mzima. Kwa hiyo mahafali unayoyangojea, ambayo Shangazi ameshayashonea gauni, si ya kwangu. Mara ngapi nimeinua simu nikusimulie! Lakini tangu siku uliyofunga kibanda chako cha saa kunisindikiza chuoni, wewe ambaye hukukifunga hata ulipovunjika kidole, hukuniita tena mwanangu. Unaniita Mwalimu. Kila ukisema "Mwalimu, hujambo," niliona siwezi kukunyang'anya neno hilo, nikaweka uongo juu ya uongo ili lisianguke. Nilifanya nyumbani kile kile nilichofanya ubaoni.

Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo, basi la asubuhi. Usiwaambie watu chochote kabla. Kwa fundi viatu nitakwenda mwenyewe, na kwa wengine uliowapa habari njema utanitajia mmoja mmoja, nitawafuata. Aibu hiyo ni yangu, usiibebe na goti lile. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitakaa nisikilize. Nisichoweza ni wewe kuinama juu ya saa zako na kunyamaza.

Nisalimie Shangazi, umsomee barua hii yote, hata pale anapotajwa kikohozi. Mdogo wangu asomewe pia, tena yeye hasa, na umuulize analalaje wiki ya mitihani. Usikubali akijibu vizuri upesi mno.

Na tutakapoonana kituoni, Baba, lile jina lingine liweke akiba. Niite mwanangu, inanitosha.

Wako akupendaye,

Mwanao, ambaye bado si mwalimu.